Mume wangu kafungiwa leseni: bima wanataka leseni, serikali inataka bima, tuanzie wapi?

Shikamoo dada,

Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza naandika. Naishi Arlington, Texas, na mume wangu na watoto wawili. Jina langu usiliweke tafadhali, Watanzania wa huku tunajuana wote, jambo likitokea Arlington saa mbili, saa tatu wa Dallas wanakupigia kukupa pole.

Ni hivi dada. Mume wangu kafungiwa leseni. Ilianza mwaka juzi, alisimamishwa kwa mwendo kasi askari akakuta na bima hana, akaandikiwa tiketi, tukalipa kwenye mtandao tukajua yameisha. Mwaka jana benki wakambadilishia kadi, malipo ya bima yakawa hayapiti, sisi hatuna habari, mpaka anasimamishwa I-20 ndo anaambiwa bima yako imekufa. Tiketi nyingine. Akailipa vilevile, maana nani ana muda wa kwenda mahakamani na kazi hizi. Kumbe kuna barua ilitumwa kumwambia leseni inafungiwa, imeenda kwenye apatimenti ya zamani tulikohama. Hatukuiona. Juzi juzi hapa kasimamishwa sababu taa ya nyuma imeungua, askari karudi na kompyuta yake anasema bwana leseni yako imefungiwa na hii gari haina bima. Gari ikavutwa, kaletwa nyumbani na rafiki yake, na tiketi ya tatu mkononi. Hiyo bado hatujailipa, tarehe yake inakuja.

Yeye anafanya kazi ghala moja kule Alliance, kaskazini ya Fort Worth, zamu ya usiku. Na Arlington unaijua, hakuna basi la maana, kuna vile vigari vya kuita kwa simu na usiku havipo. Kwa hiyo mimi ndo nimekuwa dereva, nampeleka na watoto wamelala siti ya nyuma na pajama, narudi, alfajiri naenda zamu yangu nyumba ya wazee, namfuata nikiwa sijui hata naitwa nani.

Sasa kila tukipiga bima swali la kwanza una leseni hai? Tukisema hapana wanasema samahani. Tukiwapigia DPS, ile idara ya jimbo inayotoa leseni, wanasema tuletee SR-22 kutoka kwa bima yako. Sasa hapo tunatokaje?

Washauri wako wengi. Rafiki yake anasema hamishia Altima yako jina la mkeo, kata bima kwa jina la mkeo, wewe usitajwe kabisa, bima ni ya gari sio ya mtu. Binamu yake wa Houston kamuunganisha na mwanasheria anataka dola 1,500 amtafutie ile leseni ya mahakama ya kwenda kazini tu. Na kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anasema yeye anatoa bima ya mwezi mmoja na karatasi siku hiyohiyo, ukishaonyesha unaacha.

Mume wangu anaona la rafiki yake ndo rahisi. Mimi nina Corolla yangu, bima yangu safi, sijawahi kupata hata tiketi ya parking, naogopa kuchafuliwa. Tumegombana. Jumapili kachukua ufunguo wa Corolla kaenda nayo dukani, nikamwambia baba fulani unatafuta nini, akanijibu yeye ni mwanaume hawezi kubebwa kila mahali kama mtoto wa chekechea. Nisaidie dada, bima tunakata jina la nani na tuanzie wapi.

Mke wa dereva, Arlington

——

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Ya siti ya nyuma na pajama yamenigusa.

Nikuambie la kwanza kabisa ili upumue: bima ya mtu aliyefungiwa leseni ipo. Inauzwa kila siku hapo Texas. Nyie mmekuwa mkipiga kampuni kubwa za matangazo ya TV, hizo nyingi hazitaki usumbufu, au yule wa simu hakujua ampeleke wapi. Kuna kampuni zimejikita kwa watu wenye rekodi mbaya, na kuna mawakala wa kujitegemea ambao wanashika kampuni nyingi kwa pamoja, wamejaa kwenye zile plaza ndogo ndogo za Arlington na Grand Prairie. Huko usianze na habari ya leseni. Sema "mume wangu anahitaji bima yenye SR-22, leseni imefungiwa, namba yake hii hapa." Atakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Namba ya leseni iliyofungiwa bado ni namba, inatumika. Ila msidanganye kwamba iko hai, wanaiangalia.

Sasa SR-22 ni nini, maana watu wengi wanadhani ni aina ya bima. Ni fomu tu. Kampuni ya bima inaituma DPS kusema sisi tunamjua fulani, ana bima isiyopungua kiwango cha sheria, na siku ikikatika tutawaambia. Kiwango cha Texas ni 30/60/25, yaani dola 30,000 kwa mtu mmoja utakayemuumiza, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali ya watu. Hiyo ndo bima ndogo ya huku, gari yako wewe hailipiwi hata senti. Kutuma fomu yenyewe kampuni nyingi zinatoza kama dola 15 mpaka 50 hivi, sio hiyo inayouma. Kinachouma ni bei ya bima inavyopanda sababu wameshamuweka kundi la hatari. (Kuna njia ya bila SR-22, sheria inaruhusu uweke dhamana ya dola 55,000 taslimu kwa mhasibu wa serikali ya jimbo. Mngekuwa nazo sidhani kama ungeniandikia.)

Na hapo ndo namjibu rafiki yake shem. Kwetu bima ni ya gari, ukiwa na bima ndogo au bima kubwa, mjomba akiendesha, dereva akiendesha, sawa tu alimradi ana leseni. Huku kampuni inahesabu gari na inahesabu watu wa nyumba. Ndo maana ukijaza fomu unaulizwa nani wengine wanaishi hapo waliofikia umri wa kuendesha. Ukiandika unaishi mwenyewe na watoto, wakati mume yuko sebuleni na anwani yake ni hiyohiyo kwenye leseni, umesaini uongo. Siku hakuna ajali hakuna anayeuliza. Siku shem akigonga mtu hapo Cooper Street ndo wanafungua faili, wanakuta mume hakutajwa, wanagoma kulipa, au wanasema bima yenyewe ilipatikana kwa uongo wanaifuta. Hapo anayedaiwa ni wewe mwenye gari na wewe mwenye sahihi. Rafiki yake hayupo.

Halafu hata mkifanya hivyo leseni hairudi! Hii ndo sehemu watu hawaioni. DPS hawahitaji kujua Altima ina bima, wanahitaji kujua YEYE ana bima. SR-22 inatoka na jina lake. Gari ukiihamishia kwako, ukaikatia bima nzuri kabisa kwa jina lako, yeye bado kafungiwa.

Sasa kuhusu binamu wa Houston na dola 1,500. Kabla hamjatoa hata mia, shem aingie kwenye tovuti ya DPS sehemu ya kuangalia hali ya leseni, anaweka namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za sosho (namba ya Social Security). Inamuonyesha kila kitu kinachomfunga na anadaiwa kiasi gani. Kwa maelezo yako mimi nahisi atakuta kitu hiki: tiketi ya pili ya kuendesha bila bima. Texas tiketi ya kwanza ni faini, ya pili ukitiwa hatiani leseni inafungwa. Na kulipa tiketi kwenye mtandao ni kukubali kosa mdogo wangu, huko hawana "nimelipa yaishe", ukilipa umehukumiwa. Ndo mlivyofika hapo bila kwenda mahakamani hata siku moja.

Kama ndo hilo peke yake, kufunguliwa kwake ni SR-22 pamoja na ada ya kurudisha leseni dola 100, basi. Haina haja ya leseni ya mahakama. Ile ya kwenda kazini hasa ni ya mtu aliyefungiwa kwa muda maalum, kwa mfano aliyekamatwa kalewa, ambaye hata akileta makaratasi yote lazima asubiri miezi yake iishe. Huyo ndo anaenda kumuomba jaji saa za kuendesha, kawaida masaa 4 kwa siku, jaji akiona kuna haja anaweza kufika 12. Na hata huyo anatakiwa awe na SR-22. Kwa hiyo mngelipa 1,500 afu mngerudi palepale kwa wakala wa bima, mmepata leseni nusu wakati nzima ilikuwa inapatikana kwa mia moja.

Hela ya mwanasheria kama ipo ipelekeni kwenye ile tiketi ya tatu. Hiyo MSILIPE kwenye mtandao. Narudia, shem asiingie akabonyeza lipa kama alivyozoea, na tarehe asiikose. Kuendesha leseni ikiwa imefungiwa mara ya kwanza kwa kawaida ni kosa dogo, faini isiyozidi dola 500, lakini akitiwa hatiani DPS wanaongeza muda wa kufungiwa juu ya ule uliopo, na akikamatwa tena baada ya hapo linapanda daraja, linaingia kwenye makosa yenye jela mpaka siku 180. Na isitoshe umeniambia gari haikuwa na bima siku hiyo, kwa hiyo aangalie kama kaandikiwa makosa mawili kwenye karatasi moja. Akienda mbele ya mwendesha mashtaka ameshika leseni imerudi na bima inatembea, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa kuliko akienda mikono mitupu. Na kama ana faili la uhamiaji linaendelea, grini kadi au uraia, amuulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote.

Haya turudi kwenye swali lako, bima jina la nani. Umesema mna gari mbili, hapo mna bahati, kwa sababu kuna njia inayokulinda wewe. Altima ibaki kwa jina lake kama ilivyo. Akate bima yake mwenyewe kwenye zile kampuni za rekodi mbaya, yenye SR-22, kwa gari hiyohiyo. Wewe Corolla yako ibaki na bima yako, na unawaambia kampuni yako ukweli kwamba mume yupo na unataka aondolewe. Texas kuna fomu ya hiyo kazi inaitwa 515A, unasaini kwamba fulani huyu nikimpa gari yangu hamlipi. Bei yako haibebi rekodi yake.

Ila fomu hiyo ina meno. Ukishaisaini, ile habari ya Jumapili kuchukua ufunguo wa Corolla kwenda dukani IMEKWISHA. Hata leseni ikirudi. Hata kama ni mara moja tu mtoto ana homa. Akiendesha Corolla ni sawa na gari haina bima kabisa, na akigonga ni mfukoni mwenu. Mpaka siku utakapompigia wakala wamrudishe kwenye bima, na usubiri uone karatasi mpya yenye jina lake. Kama unamjua mumeo hawezi kuheshimu hilo, usisaini, muweke kwenye bima yako na mlipe hiyo bei kubwa, ni bora.

Wakala anaweza kumpendekezea shem bima ya mtu asiye na gari, wenyewe wanaiita non-owner, ni nafuu na inatoa SR-22 vizuri tu. Ni nzuri kwa mtu ambaye kweli hana gari nyumbani, anaazima ya rafiki siku mojamoja. Kwa nyie ina mtego: kwa kawaida haifuniki gari yake mwenyewe wala gari ya mtu anayeishi naye ambayo anaweza kuitumia kila siku. Atapata leseni, atajiona yuko sawa, atawasha Altima kwenda Alliance, kumbe bima aliyonayo haiihusu hiyo gari. Labda muuze Altima. Mkiiuza, basi non-owner ina maana na wewe utaendelea kuwa dereva kwa muda. Kaeni mpige hesabu ya hizo njia mbili, muombe bei kwa mawakala watatu hivi siku moja, utashangaa zinavyotofautiana kwa mtu yuleyule.

Kitu kingine, Altima ina mkopo? Hukusema. Kama ina mkopo benki inadai bima kubwa, kwa hiyo msikate ya 30/60/25 peke yake mkidhani mmepona, watawawekea bima yao ya lazima na kuwaongezea kwenye deni, na ile inailinda benki, nyie haiwasaidii.

Jamaa wa WhatsApp mfuteni. Bima ya mwezi mmoja yenye SR-22 ukiiacha, kampuni inatuma fomu nyingine DPS, SR-26, kusema huyu hatuko naye tena, na leseni inafungwa upya na usajili wa gari unaweza kwenda nayo. Unalipa tena ile mia, unaanza tena. Na kama anachouza ni karatasi tupu ya kuonyesha askari, Texas askari anaangalia kwenye TexasSure, mfumo wa jimbo wa kukagua bima, kabla hata hajashuka kwenye gari yake, hiyo kadi ya kuprinti itamuongezea kosa lingine.

SR-22 ya shem inatakiwa kuwepo miaka 2, na inahesabiwa toka tarehe ya hukumu ya ile tiketi ya pili, sio toka siku mtakayokata bima. Kwa hiyo miezi imeshapita tayari, mwambie hiyo atafurahi. Muda wote huo bima isikatike hata siku moja. Kadi ya benki ikibadilishwa, siku hiyohiyo aingie kubadilisha kwenye bima, na kama anaweza kulipa miezi sita kwa mpigo alipe, inakuwa nafuu na hakuna cha kusahau. Akitaka kuhama kampuni ahakikishe ya mpya wameshatuma SR-22 ndo afute ya zamani, sio kinyume chake.

Na mbadilishe anwani! Sheria ya Texas inakupa siku 30 ukihama kuwaambia DPS. Inafanyika kwenye mtandao kwa wengi, na ada yake ndogo. Barua nyingine ikienda apatimenti ya zamani mtaniandikia tena.

Mpangilio wenyewe basi: leo usiku aangalie hali ya leseni na kuprinti ukurasa ule, kesho wakala, akikata bima aombe nakala ya SR-22 mkononi na asiridhike na "tumeshatuma", kisha alipe ada DPS. Msitegemee inafunguka siku hiyohiyo, DPS wanachukua siku zao kuiingiza, zinaweza kuwa wiki kadhaa. Aangalie ile tovuti mpaka imuandikie anastahili kuendesha. Kuwa na risiti ya dola mia hakumaanishi leseni imefunguka, na watu wengi wanakamatwa kwenye hicho kipindi wakidhani wameshamaliza.

Hizo wiki mbili tatu za katikati najua ndo ngumu. Muombe mtu wa zamu yake, Alliance wapo Waswahili kibao, mchangie mafuta. Au aombe kubadilishiwa zamu kwa muda, meneja wengi wakiambiwa tarehe wanaelewa kuliko mtu akianza kuchelewa. Na shem, najua utasoma hii maana mdogo wangu atakuachia simu mezani makusudi: kubebwa na mkeo mwezi mmoja hakukupunguzii uanaume. Ukikamatwa na Corolla yake yeye ndo atapelekwa kuitoa yadi, kwa hela yake, baada ya zamu.

Mdogo wangu ukipata zile bei tatu niandikie, na uniambie kuhusu mkopo wa Altima.